Bloku Iliyokuwa Kwenye Linki

Mimi si mtu wa kutulia. Hata ofisini kwetu Lodwar, chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, mkurugenzi alichoka kuniambia nikae chini kama watu. Tulikuwa tunauza mtandaoni kazi za mikono za akina mama: vikapu vya Lorugum, shanga za Lokori, na kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, milaya, yale mashuka ambayo wanawake wa Sudan Kusini huyatarizi maua na ndege. Mimi nilipiga picha, mkurugenzi akatengeneza linki za kampeni.

Mtarizi mmoja wa Kakuma alikuwa rafiki yangu wa kweli. Mjane, na binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Nikienda kupiga picha nilikuwa nalala kwake, kwenye bloku yake, ule mtaa wake wa kambini. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa Juba wakimtafuta, maana ng'ombe wa mahari walitoka kwao, na kwao hilo lilitosha: mtoto ni wao. Alikuwa ametoroka naye. Walijua yuko Kenya, basi, hawakujua zaidi.

Siku hiyo alinipigia asubuhi nikiosha vikombe. Hata ejok, salamu ya Kiturkana tuliyozoea, hakusema.

"Dada, shemeji yangu ameandika. Ametaja bloku yangu. Nani alimwambia yeye?"

"Wewe umemwambia nani?"

"Hakuna mtu! Mimi nilituma milaya tu, kwa kundi ya kwaya."

Nikamwambia anitumie kile alichotuma. Ilikuwa linki yetu. Kundi lile la simu lina waimbaji wa kanisa lao walioko Kakuma, Juba, Kampala, na mtu akiona shuka zuri lazima ampelekee mwenzake. Linki yenyewe ilikuwa ndefu ajabu. Jamani, nani husoma linki mpaka mwisho? Safari hii niliisoma. Baada ya alama ya kuuliza kulikuwa na mkia: jina la kampeni, kundi la kwaya, Kakuma, halafu bloku yake, wazi kabisa. Nikaviacha vikombe, nikamfuata mkurugenzi mezani.

Mkurugenzi si mtu mbaya, nisimsingizie. Amefanya kazi za misaada maisha yake yote, na kambini mtu ni bloku yake. Maji ni kwa bloku, mikutano ni kwa bloku, hata mgonjwa anaulizwa bloku kabla ya kuulizwa anaumwa wapi. Alitaka kujua ni akina mama wa wapi wanaouza vizuri, akaandika vile alivyozoea kuandika.

"Toa hii mikia yote," nilimwambia.

"Tukiitoa tutajuaje kampeni inafanya kazi? Wafadhili watauliza."

"Wacha waulize! Mtoto wa watu atachukuliwa, wewe unaniambia wafadhili!"

Nikamwekea simu chini ya pua. Alisoma, akasoma tena, akavua miwani. "Woi," alisema. "Kata."

Nikakata. Linki ya kwanza nilifyeka kila kitu baada ya alama ya kuuliza, na shuka lenyewe likapotea. Kumbe hata nambari ya bidhaa ilikuwa humo humo. Ikabidi niende polepole, mimi ambaye polepole siijui. Naacha nambari ya shuka, nafuta kampeni, kundi, kambi, bloku. Nafungua nione kama shuka bado linaonekana. Nasimama, naenda mlangoni, narudi, nashika nyingine. Jasho lilinitoka, na si la joto la Lodwar.

Nilipomaliza nikampigia rafiki yangu kumwambia linki zote za dukani ni safi.

"Na zile zilishaenda?" aliuliza.

Nilitamani nimdanganye. "Zile siwezi kuzirudisha."

Alikata simu.

Kesho yake nilikuwa Kakuma mapema. Mlango umefungwa, kamba ya nguo tupu. Jirani aliniambia wameondoka, mama na mtoto, na godoro. Nilizunguka bloku nzima kama mwehu, nikarudi kumuuliza jirani swali lile lile, naye akanijibu vile vile. Simu ya rafiki yangu ilikuwa imezimwa. Niliogopa jamani, niliogopa sana, na wiki nzima sikulala usingizi wa maana.

Halafu siku moja, tukiwa kazini, nambari nisiyoijua ikaita. Ilikuwa sauti yake.

"Dada, tuko salama. Mtoto ameanza shule ingine. Sasa sisi tunakaa hapa kwa—"

"Usiniambie!"

Nilipiga kelele mpaka mkurugenzi akageuka. Upande wa pili nilimsikia binti yake akiimba kwa mbali.

"Hata wewe?" aliuliza.

"Hata mimi."