Mama Nukta na Programu Tatu

Mama mdogo wangu alifanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba chenye madawati mawili na dirisha moja, akiandaa vitabu vya watoto wasioona. Mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Napanga nukta," na aliyeuliza akabaki akidhani labda anadarizi vitambaa. Kazini walimwita Mama Nukta.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kitabu cha shule kilichapwa kwenye kompyuta katika mafaili ya maandishi matupu, sura moja faili moja, na katikati ya maandishi ziliwekwa alama za kuielekeza mashine: hapa anza ukurasa mpya, hapa pana kichwa cha habari, hapa ruka mstari. Mashine ilizifuata alama hizo ikatoboa nukta nundu kwenye karatasi ngumu, na mtoto akasoma kwa vidole. Nyota tatu mfululizo, kwa mfano, zilimaanisha ukurasa mpya.

Dawati la pili lilikuwa la mwanamke aliyeitwa Kicheko. Mama mdogo alitoa maneno kwa kipimo kama anayetia chumvi. Kicheko alimwaga gunia zima. Sijui walipendanaje, ila walipendana. Walikula chakula cha mchana kutoka bakuli moja. Kicheko alipojifungua mtoto wa tatu, mama mdogo alishika madawati yote mawili miezi mitatu, akawa anarudi nyumbani shingo imekakamaa, mimi namkanda, na bado ananiambia nisimtaje mwenzake kwa ubaya.

Kisha ikaja mashine mpya. Ilikuwa ya haraka na haikupiga kelele, lakini alama za zamani haikuzielewa hata moja. Mafaili yalikuwa elfu tatu mia nne na sitini. Kwa mkono, yaani kufungua, kutafuta, kubadilisha, kuhifadhi na kufunga, mtu mmoja aliweza mafaili ishirini kwa siku, na hapo amejitahidi.

Meneja akaja akasimama mlangoni. "Mama Nukta, zipo programu za kubadilisha mafaili yote kwa mkupuo mmoja. Zijaribuni, mniandikie ripoti ipi inafaa." Alipogeuka kuondoka akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kuzima taa, "Ikipatikana nzuri, sidhani kama chumba hiki kitahitaji watu wawili."

Mlango ulipofungwa, Kicheko alicheka. "Umemsikia? Anataka tupalilie, halafu jembe litufukuze shamba!"

"Tutaandika ukweli," mama mdogo alisema. "Na ukweli ni kwamba kazi hii inataka watu wawili."

Hakusema hivyo kwa kujihami tu. Katika vitabu vya hesabu nyota ilikuwa alama ya kuzidisha, na katika mazoezi ya kujaza nafasi nyota tatu zilikaa mahali pa jibu. Programu haijui hesabu. Ukiiachia, itachukua nafasi ya jibu iifanye ukurasa mpya, na mtoto atafika katikati ya swali vidole viguse karatasi tupu. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kuendesha programu na mwingine wa kukagua kila badiliko, maana jicho lililoandika kosa huwa halilioni. Walikubaliana. Kicheko hata alinyoosha kidole kidogo wakashikanisha vidole kama wasichana wa shule.

Mama mdogo alizijaribu programu tatu kwa wiki tatu, kwenye nakala, hakugusa mafaili halisi hata mara moja. Zilikuwa na majina magumu, akazibatiza upya. Ya kwanza aliiita Bwana Haraka: ilimaliza mafaili mia tano kabla hujapiga chafya, lakini haikuuliza kitu, na ikishaharibu haina njia ya kurudi. Ya pili ilikuwa Bibi Harusi, rangi tupu na vitufe vinavyometa. Ukiipa mafaili zaidi ya mia mbili inazimia. Ya tatu aliiita Karani. Ilikuwa ya kijivu, imekunja uso, lakini ilionyesha mstari wa zamani na mstari mpya pamoja kabla ya kubadilisha, na kila faili ililoligusa ilihifadhi pembeni nakala ya lilivyokuwa, na siku na saa ya kubadilishwa.

"Huyu ndiye wa kuolewa naye," Kicheko alisema.

"Hana sura," mama mdogo akajibu.

"Sura itakusaidia nini siku ya msiba?"

Wakamchagua Karani. Mama mdogo aliandika ripoti katika mafaili tisa, kila jaribio faili lake, na kila faili lilimalizika kwa mstari uleule: Wafanyakazi wanaohitajika: 2.

Jumatatu ya kuipeleka ripoti, jino lilimvimba mpaka jicho likafumba. Akapewa mapumziko ya siku tatu. Kicheko alimpigia simu. "Shoga, wewe lala. Ripoti nitaipeleka mimi kesho na kuieleza nitaieleza mimi. Kuongea si ndiyo kazi yangu?" Nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Alikata simu akaniambia, kwa mdomo uliojaa pamba, "Unaona faida ya mtu?"

Aliporudi kazini Alhamisi alikuta bahasha juu ya dawati. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake, ikasema kwamba kwa mujibu wa ripoti yao wenyewe chumba kinahitaji mfanyakazi mmoja, na kwamba aliyeieleza programu vizuri mbele ya meneja ndiye atakayebaki. Yeye angemaliza mwisho wa mwezi.

Kicheko alikuwa ameinamia kompyuta yake. "Hata mimi nimeshangaa," alisema bila kugeuka. "Wakubwa hawa, shoga, unawapa mkono wanachukua bega."

Mama mdogo alimwamini. Hilo ndilo linaloniuma mimi kuliko yeye. Alimwamini siku nzima, akamfariji hata, akamwambia asijisikie vibaya. Ijumaa asubuhi alifungua kwenye kompyuta kabati la nakala za Karani ili afute zile za majaribio, asimwachie mwenzake uchafu. Humo akakuta nakala tisa asizozijua. Zilikuwa za ripoti yake. Zilibadilishwa Jumanne saa nne na dakika kumi na mbili, kwa mkupuo mmoja. Karani alimwonyesha mstari wa zamani na mstari mpya kama alivyozoea. Wafanyakazi wanaohitajika: 2. Wafanyakazi wanaohitajika: 1. Mara tisa.

Alimwita Kicheko aje atazame. Kicheko akatazama, akavuta kiti, akakaa.

"Nina watoto watatu," alisema. "Wewe una nani? Huyu mtoto wa dada yako anamaliza chuo mwakani."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Sijui. Ila ningejua unaniuliza."

"Mwenzangu, alikuwa ameshaamua yule! Kama si wewe ni mimi. Ungenifanyia nini ungekuwa mimi?"

"Nilishakuwa wewe," mama mdogo alisema. "Miezi mitatu, madawati mawili."

Akachapisha nakala zile akapanda nazo kwa meneja. Mimi nisingethubutu. Meneja alisoma ukurasa wa kwanza na wa pili, nyingine akazipindua tu.

"Si vizuri alivyofanya," alisema. "Lakini nikwambie kweli, Mama Nukta. Hata ripoti ingebaki na mbili yako, ningechukua mmoja. Na barua zimeshatiwa saini."

Alishuka. Kicheko alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imeshikana.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema mmoja."

Hapo Kicheko alishusha pumzi. Mabega yakalegea, na kabla hajajikaza uso wake ulionyesha ahueni kama ya mtu aliyetua mzigo. Mama mdogo aliniambia kwamba ile tarakimu angeweza kuisahau siku moja. Ile pumzi hapana.

Wiki mbili zilizobaki alifanya kazi kama kawaida. Aliandika orodha ya mafaili mia mbili na kumi na mawili ya hesabu ambayo Karani asiachiwe peke yake, akaibandika ukutani juu ya dawati la Kicheko, akamweleza moja moja. Kicheko alianza kushukuru.

"Usinishukuru. Nimewafanyia watoto."

Siku ya mwisho Kicheko alifungua mikono amkumbatie. Mama mdogo akampa mkono, kama mtu anavyompa mkono mgeni wa ofisi.

Sasa anachapa nyaraka kwa wakili mmoja, nusu siku. Jumapili moja tulisikia hodi mlangoni, na sauti tuliijua wote wawili. Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja.

"Nimwambie umetoka?"

"Kwa nini umdanganye? Mwambie nipo, ila sitaki kuonana naye."

Nikaenda mlangoni, mimi ambaye hata muuza maziwa hunitia haya, nikamwambia hivyohivyo, neno kwa neno.