Ng'ombe wa Kulia

Juzi nilishuka Mhunze siku ya mnada. Vumbi lilikuwa lile lile, na mama mmoja alikuwa ametandika michembe chini, vile viazi vya kukausha. Nikakumbuka, rafiki yangu, msimu tulioila hiyo michembe mpaka tukaichukia.

Kwetu Kishapu vita havikuanza na bunduki, vilianza na sabuni. Nchi tatu jirani ziligombania reli na ndege zilizokuwa za wote, mpaka wa Kenya ukafungwa, na duka la jirani yetu, mzee wa kutoka Tanga, likabaki na chumvi na viberiti. Bibi akawa anatufulia kwa majivu huku akiwasema wakubwa wote bila kubagua. Mwenye duka alituambia kwamba nchi zikianza kununiana hivi, haziishii kwenye sabuni. Tulimcheka. Mwaka uliofuata redio yake ikatangaza kuwa majeshi ya Uganda yameingia Kagera.

Tukaombwa kuchangia. Wenye mifugo walitakiwa kutoa ng'ombe wa kitoweo cha askari, na wengi walileta majike yaliyokoma kuzaa. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, akaona haya kumpeleka aliyekonda mbele ya watu. Akamtoa maksai wake wa jembe, yule wa kulia.

Maksai hufundishwa wawili wawili. Wa kulia hupita ndani ya mfereji uliochimbwa na jembe, wa kushoto hupita juu, kwenye ardhi isiyolimwa bado, na kila mmoja anajua upande wake tu. Hilo Baba alilijua kuliko mtu yeyote pale kijijini.

Bibi alimfuata mlangoni pa zizi. "Mwanangu, mvua ziko karibu. Utalima na nini?"

"Mama, nchi imevamiwa."

"Nimesikia. Na hawa watoto watakula nini?"

Baba alifungua zizi. Lori lililokuja kuchukua ng'ombe lilipoondoka naye, sisi watoto tulilishangilia mpaka likapotea.

Mvua zikaja. Baba alimfunga wa kushoto pamoja na dume changa lisilojua kazi, nalo likawa linavutia vichakani. Wa kushoto akasimama, akageuza kichwa kulia, akalia. Baba alimchapa mara kadhaa, kisha akaacha. Akakaa juu ya jembe, mvua ikimnyeshea, na sisi tukasimama tunamwangalia. Sijawahi kujiona mdogo kama siku ile. Pamba hatukupanda kabisa. Mtama tulipanda kwa jembe la mkono, kipande tu, na ulipokwisha tukabaki na michembe.

Tulishinda vita, na kijiji kizima kilicheza ngoma. Baba naye alicheza, na Bibi alimpigia vigelegele. Siku hizi pale kwetu hulima trekta la kukodi, na zizi limekuwa kiwanja cha mtu. Miaka yote ile nilitaka kumuuliza Baba kama angemtoa tena yule ng'ombe. Nilikuwa naogopa angejibu ndiyo, na naogopa zaidi angejibu hapana. Tulimzika bila mimi kumuuliza.