Kasri la Mbuzi Watatu

Mwaka wenyewe siujui kwa nambari. Nnajua ndio mwaka piza ilipoingia Qurum, mtaa wa matajiri wa mji wetu, kwa fujo, mpaka kwenye khitma moja tukaletewa piza badala ya biriani, na maiti hana wa kumlalamikia.

Mwaka huo mwanangu, mwenye jumba Qurum lenye vyoo vingi kuliko watu, aligundua kuwa sisi ni masheikh, wakuu wa kabila. Aligundua pale mjukuu wangu, daktari wa meno, mzuri kama mimi zamani, alipokuja kuposwa na watu wakubwa. Basi akaikumbuka nyumba ya udongo ya babu yangu, bara huko, ukishaipita Rusayl, akaanza kuiita kasri.

Kasri! Tuliporudi kutoka Unguja nilikaa humo miaka miwili na mama yangu, chumba cha chini, sisi na mbuzi watatu. Maziwa yao ndiyo yaliyotuweka hai. Sasa chumba hicho kikawa "chumba cha silaha cha sheikh", na mwanangu akenda Matrah kununua majambia ya kutundika.

Fundi mzee wa kijijini alimwambia ukuta upakwe saruji. Waarabu wa huku wakisema saruji, wanakusudia udongo uliochomwa ukapondwa. Sisi wa Unguja tukisema saruji, ni simenti ya mfuko. Mwanangu akaleta lori zima la mifuko.

"Baba," nikamwambia mwanangu, "mzee kakwambia saruji ya Kiarabu, wewe umeleta ya Kiunguja."

"Mama, saruji ni saruji. Mimi nimesoma."

"Umesomea biashara."

Nyumba ikawa ya kijivu, imenuna kama ghala. Siku mbili kabla ya wageni wa posa kuja kuiona, mvua ikanyesha. Udongo ukavimba ndani kwa ndani, na kile chumba cha silaha kikavua simenti yake kama mtu anavua kanzu. Majambia chini. Ukutani ikatokea pete ya chuma, ile ile niliyokuwa nikifungia mbuzi.

Mwanangu akanijia anatiririka jasho.

"Mama, wakiuliza, sema ilikuwa ya farasi wa sheikh. Neno moja tu. Posa ya mtoto hiyo."

Neno moja tu! Na mama yangu, aliyechutama humo alfajiri akikamua, nimpake simenti na yeye? Nikamwambia: "Mbuzi walifungwa hapa, na mimi nililala hapa. Sisemi vyengine."

Ijumaa wageni wakaja, wananukia udi mpaka kwenye matairi. Mama wa kijana anayeposa akaishika ile pete, akaigeuzageuza.

"Bibi, kumbe mlikuwa na farasi?"

Mwanangu akakohoa. Akakohoa tena, utadhani kamezeshwa mwiba wa nguru. Mjukuu wangu ananitazama. Nami nikamtazama yeye, si baba yake.

"Mbuzi walifungwa hapa, na mimi nililala hapa. Sisemi vyengine."