Selina na Kimeo cha Shangazi

Binti yangu alikuwa bubu, ila mlango ukifungwa tu, anaongea.

Usicheke. Nilikaribia kuchanganyikiwa.

Mwaka 1996, Mkuyuni. Selina ana miaka saba. Tukiwa wawili ndani anapiga stori mpaka namwambia, "Hebu pumzika, mama!"

Akitoka nje, kimya. Baba yake, Yeremia, dereva wa malori, akirudi safari anaangaliwa tu. Shuleni walimchapa, wakamwita jeuri. Siku moja alijikojolea darasani kwa kushindwa kuomba ruhusa.

Ndipo wifi yangu Paskazia akaja kutoka Nansio, ng'ambo ya ziwa.

"Huyu ana kimeo, kile kinyama cha kooni kinamzuia kusema. Kesho tunavuka naye. Yupo mzee anakata vizuri."

"Dada, mtoto anaongea!"

"Na nani?"

"Na mimi."

Akamgeukia kaka yake. "Mkeo naye tumpeleke?"

Yeremia akakuna kichwa. "Kesho waende."

Nikamvuta Selina chumbani, nikapiga magoti. "Ongea na shangazi, mama. Neno moja tu! Watakukata koo!" Nililia bila aibu. Ndio kwanza akakaza mdomo.

Nikamwacha. Nikavuta ungo, nikaanza kuchambua dagaa, simwangalii.

"Mama," akasema, "maneno ninayo. Watu wakiniangalia yanakwama hapa."

Nje ya dirisha sufuria ikaanguka.

Nikatoka mbio. "Umemsikia?"

Wifi alikuwa ameketi chini, kajishika koo.

"Mimi nilikatwa, wifi. Umri kama wake. Nikatapika damu, na shuleni sikuongea mpaka nikaacha. Miaka yote nilidhani aliyenikata alikosea. Kumbe hata mimi maneno yalikuwa yanakwama tu, kama yake."

Meli ya kesho yake iliondoka bila sisi.

Wifi akabaki. Kila mchana alikaa nje ya mlango, ametugeuzia mgongo, anachambua dagaa, haulizi kitu. Akasogea kizingitini. Mwisho akaingia ndani.

Siku moja Selina akanong'ona: "Shangazi, hilo jiwe."

Wifi hakugeuka. Alilitoa lile jiwe, machozi yanadondokea ungo.

Mwalimu wake, Dorotea, tukamwomba naye aje akae hivyohivyo. Alikuja. Kuongea darasani kulichukua mwaka mzima, tena kwa kunong'ona.

Siku hizi wataalamu wa watoto wa namna hii wapo, watafute. Ila kisu weka mbali, na fimbo pia. Usimsihi kama nilivyomsihi mimi. Kaa naye karibu, shika kazi yako, macho yako yabaki kwenye dagaa.