Rejeta ya Mtani

Mtu baki akikuuzia kitu kibovu, una njia. Unarudi dukani, unapaza sauti, unamwita mjumbe, na ukishindwa kabisa unasimama mlangoni pake na kuwaeleza wateja wake mmoja baada ya mwingine, bure. Mtani akikuuzia kitu kibovu, desturi inakutaka ucheke. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na babu zetu walishayamaliza hayo enzi za misafara. Wetu walipita nchi yao wakishusha mizigo pwani, wakagombana nao, wakachoka kugombana, wakaanza kutaniana. Tangu hapo mtani anaweza kukunywea chai yako na kukuita mchukuzi mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Sijui babu zetu waliwaza nini, ila kompyuta hawakuiwaza.

Kompyuta yenyewe niliiunga mwenyewe sebuleni, kifaa kimoja kimoja, kwa ajili ya baba. Baba aliendesha treni kwenye Reli ya Kati mpaka alipostaafu, na alipostaafu hakuna aliyefanikiwa kumwambia. Kila siku baada ya chakula cha mchana alichukua fimbo yake akaenda relini. Wastaafu wenye adabu hukaa kwenye benchi la stesheni. Yeye anasimama katikati ya mataruma, anakagua. Masikio yamekwisha, kifaa cha sikioni anakivaa akijisikia, na hajisikii. Honi inayoamsha watoto mtaa mzima, kwake haipo mpaka aione treni yenyewe, na macho nayo hayaoni mbali. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, jibu likawa lilelile: siku moja tungeletewa mzee kwenye shuka.

Kwa hiyo nikamletea reli ndani ya nyumba. Kuna gemu ya kuendesha treni, yenye breki, taa na ratiba, na inataka kompyuta yenye nguvu, ndiyo maana nikaiunga badala ya kununua ya ofisini. Reli za kwenye gemu ni za Ulaya, zina theluji pembeni. Baba hakuyumba. Kituo cha kwanza akakiita Igalula, cha mbele yake Goweko, akaendelea hivyo mpaka Tura, na theluji akaiita pamba. Mkono wa kulia unashika mpini wa kuendeshea treni, wa kushoto anauweka juu ya keisi, sanduku la kompyuta, kwa sababu dereva asiyesikia anaisikiliza mashine kwa kiganja. Fimbo ikabaki nyuma ya mlango. Nilifikiri nimemaliza.

Kisha joto la Tabora likaanza, lile la kabla ya mvua. Saa nane mchana, baba akiwa katikati ya safari, prosesa, ubongo wa kompyuta, inapanda juu ya nyuzi tisini. Feni ndogo iliyokuja nayo inapiga kelele na kutetemesha keisi nzima, baba anaisikia kwa kiganja, anafunga breki na kusema kichwa cha treni kina hitilafu, hawezi kuhatarisha abiria. Hapo ni siku njema. Siku mbaya kompyuta inajizima yenyewe isiungue, skrini inakuwa nyeusi, na baba anainuka kutafuta fimbo. Nilihitaji kitu cha kuipooza ambacho hakitetemeki, na nilikihitaji kabla sijampoteza mtu.

Duka la mtani liko Mtendeni, ubavuni mwa muuza magodoro. Mwenye duka alimfuata mke Tabora, akabaki akitengeneza simu na kuleta vifaa vya kompyuta kutoka Dar. Siku ya kwanza aliponiuliza kabila nikamjibu, alinivua miwani ya jua usoni akaivaa mwenyewe. Ndivyo tulivyofahamiana.

Alinionyesha kwanza bonge la mapezi ya aluminiamu ya kutoa joto, lenye feni kubwa inayozunguka polepole. Nililipenda, lakini lilikuwa refu kuliko keisi yangu kwa upana wa kidole, na kifuniko kisingefunga. Akanionyesha mfumo wa maji wa kujiungia: pampu peke yake, tangi peke yake, mipira unaikata mwenyewe na maji unayatia mwenyewe, yenye rangi, na taa juu yake. Mzuri mno. Lakini mimi nauza asali sokoni kutwa nzima, na nyumbani nimemwacha mzee aliyezoea vichwa vya treni. Angeona maji yamepungua angeongeza ya mtungini. Nikabaki na ile seti iliyofungwa kiwandani. Pampu inakaa juu ya prosesa, mipira miwili inapeleka joto kwenye rejeta kama ya gari, ndogo tu, na feni zinaipuliza. Haifunguliwi, haiongezwi kitu.

“Chukua hii ya feni tatu,” akasema mtani.

“Keisi yangu inaingia ya mbili.”

“Pima tena.”

“Nimepima mara mbili.”

“Mnyamwezi akipima mara mbili anapata vipimo viwili.”

Duka lilikuwa na watu, wote wakacheka. Akainama, akatoa chini ya meza boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi. Boksi lilikuwa la blenda. Ndani mlikuwa na seti ya feni mbili, saizi yangu kamili.

“Ni mpya?”

“Mpya kama mimi.” Na kichwa chake cheupe kama unga.

Nikahesabu skrubu, nikazihesabu tena. “Zimepungua mbili.”

“Zimekwenda kujisaidia, zinarudi.”

Nikaitikisa rejeta karibu na sikio. Maji yakalia gulugulu ndani, na seti iliyojaa vizuri haitakiwi kulia. “Mbona inalia?”

“Hayo ni machozi ya babu yako,” akasema, “siku alipoonyeshwa mzigo wake.”

Nilicheka mpaka nikashika meza. Tusi lilikuwa zuri, siwezi kulinyima haki yake. Huko nyuma alikuwa ameshaniambia kwamba kichwa changu kiliumbwa bapa ili mzigo usidondoke, na kwamba Wanyamwezi hatuna haja ya kupooza kompyuta kwa kuwa hakuna kichwa cha Mnyamwezi kilichowahi kupata moto. Nami nilimwambia yake, ambayo sitayaandika kwa kuwa mama yangu anasoma. Kila tusi lilishusha bei kidogo; kwa mtani ndivyo inavyokwenda, asiyetukana analipa zaidi. Alipokuwa anaifunga tena kwa gundi akasema, kwa sauti ileile:

“Pampu hii haifiki mvua za kwanza. Itakufa, uje kunililia hapa, nami nitakupa jembe ukalime.”

Tukacheka wote. Nikaondoka na boksi langu kichwani, makusudi, ili wacheke tena.

Nikaifunga. Baba akaweka kiganja, akatulia. Saa nane ikapita, joto likabaki chini, na treni ikaenda mpaka mwisho wa reli bila kusimama njiani. Niliangalia namba za joto, nikaziangalia tena, nikalala usingizi.

Mvua za kwanza zilikuwa bado hazijaanguka. Siku moja nilirudi kutoka sokoni jioni mapema, nikakuta kiti kimesukumwa nyuma na skrini nyeusi. Nikaweka kidole juu ya pampu. Ilikuwa ya moto na haikuwa na mtetemo hata kidogo. Nyuma ya mlango hapakuwa na fimbo.

Sikufika mbali. Nilikutana na bodaboda anakuja mtaani kwetu polepole, baba nyuma yake amekaa wima, koti limechanika begani mpaka bitana inaonekana.

“Dada, huyu ni mzee wako?” akauliza dereva. “Ile treni ya mizigo ilipiga honi, ikapiga, ikapiga. Yeye ameinama anagusa taruma. Nimemvuta kwa koti, ndiyo kilichoshikika.”

“Mataruma mawili yameoza,” akasema baba. “Na kijana huyu atalipa koti.”

Nilimshusha, nikampeleka ndani. Sikupiga kelele. Hasira ikiwa ndogo mimi hupiga kelele.

Asubuhi nikarudi Mtendeni na boksi la blenda. Mtani aliniona kutoka mbali, akawageukia wateja wake.

“Mchukuzi huyo. Leo umebeba nini, pembe au chumvi?”

“Habari za asubuhi, ndugu muuzaji,” nikasema.

Akasubiri matusi yaliyobaki. Hayakuwapo. Mteja mmoja aliyekuwa ameanza kucheka akafunga mdomo katikati.

“Mtani, umeamkaje leo?” akauliza.

“Nimekuletea kifaa ulichoniuzia. Pampu imekufa.”

“Si nilikuambia?” Akawaangalia watu wamtolee ushahidi. “Nilimwambia hapahapa: haifiki mvua za kwanza. Nimedanganya?”

Hakuwa amedanganya, na hapo ndipo moyo uliponiunguza. Mwongo ningemweza. Huyu alijua kilichofichwa na boksi la blenda: seti ile ilitolewa kwenye kompyuta ya mtu mwingine huko Dar na maji yake yameshapungua. Akaisema kweli yake katikati ya mambo ya kichwa bapa na machozi ya babu, ili ipite mbele yangu nikiwa nacheka. Sasa alikuwa msafi, mkweli mbele ya mashahidi, na mimi ndiye nisiyejua kusikiliza.

Nikamweleza habari za baba. Reli, treni ya mizigo, koti. Nilizieleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma bei.

Akajaribu mara ya mwisho. “Mzee hafi yule. Huko mbinguni wanaogopa kuletewa Mny—”

“Ndugu muuzaji. Siku ya msiba wa baba watani watakuja. Watavaa koti lake, watatembea kama yeye, watatuchekesha huku tunalia, na tutawalipa. Ni haki yenu. Jana nusura uje kulivaa likiwa limechanika.” Nikaweka boksi mezani. “Utani unazika watu. Haujaruhusiwa kuua.”

Muuza magodoro alikuwa ameshafika mlangoni kusikiliza, akarudi kwake.

“Unataka nini?” akauliza mtani.

“Lile bonge la mapezi. Na uje ulifunge wewe.”

“Ulisema kifuniko hakifungi.”

“Utakikata.”

Bonge lilikuwa la bei ndogo kuliko seti, akanirudishia kilichozidi. Nilikihesabu mbele yake, kisha nikakihesabu tena polepole, ili na yeye apate nafasi ya kuangalia.

Alikuja mchana na msumeno wa chuma na kipande cha wavu wa dirishani. Alimwamkia baba karibu na sikio, baba akaitikia marahaba. Akakata tundu kwenye kifuniko, akalifunika kwa wavu vumbi lisiingie, akafunga bonge, skrubu zote zikiwa zimerudi. Saa nane ilipofika baba alikuwa safarini na pamba zake pande zote mbili, kiganja juu ya keisi. Feni kubwa ilizunguka kivivu. Namba za joto zilipanda, zikafika mahali, zikakaa. Nilisimama nyuma yao mpaka saa tisa ikapita. Baba hakufunga breki.

“Huyu kijana kabila gani?” akaniuliza bila kugeuka.

“Mzaramo,” nikamwambia sikioni.

Baba akachanua. “Ana tiketi? Mzaramo hapandi na tiketi. Mwangalie chini ya kiti.” Akaendelea hivyo safari nzima, na mtani akamjibu, na wakacheka wote wawili kama watu waliozaliwa chumba kimoja.

Mimi nilipika. Mtani kwa kawaida haandaliwi. Anaingia jikoni, anafunua sufuria, anachukua kipande kikubwa nawe unamfukuza na mwiko. Yeye nilimtandikia mkeka, kama mtu baki. Nikamletea maji ya kunawa na sabuni, nikamshikia beseni, nikamwekea ugali wake na nyama yake kwenye sahani ya wageni.

“Karibu chakula, ndugu yangu. Jisikie nyumbani.”

Alinawa, akaivuta sahani.

“Mtani,” akasema taratibu, “hata tusi moja?”

“Nyama ipo ya kutosha. Ukihitaji nyingine usione haya.”

Akala kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekuja kuposa. Baba aliisimamisha treni, akatutazama mmoja mmoja, akanivuta karibu.

“Mbona humtanii mgeni?”

Nikamwambia sikioni kwamba bado nina hasira naye.

Baba akafikiri. “Basi mwongezee mboga,” akasema.

Nikamwongezea.