Moshi wa Jikoni Kwangu

Siku za kesi, sisi wanawake wa mtaani kwetu Kivinje hatukukosa chini ya dirisha la mahakama ya liwali. Tulikwenda na ukili wetu wa kushonea mikeka, tukakaa kivulini, mikono inasuka na masikio yako ndani. Mume kanyimwa unyumba, shamba la minazi lina wenyewe wawili, mtu kaapa uongo! Tulihukumu kabla ya liwali, na jioni tuliwaigiza wadai tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kesi ikinoga sana, mikono yote iliacha kusuka. Ndiyo ilikuwa alama yetu.

Basi ikafika zamu yangu ya kusimama ndani.

Mume wangu alioa mke wa pili Mchinga, akanisahau. Talaka hatoi, masurufu haleti. Nami, kwa kupenda kujisifu, nilikuwa nimeshawaambia mashoga zangu kwamba bwana ananitunza kuliko mwanzo. Nilipochoka na njaa nikaenda kwa liwali aniachishe.

Mume wangu alisimama na kanzu yake safi, akasema kwa upole, "Bwana Liwali, ningekuwa simlishi, jikoni kwake pangefuka moshi? Majirani zake hao hapo dirishani. Waulize."

Liwali akageuka. Shoga yangu wa nyumba ya pili akainuka, ukili mkononi. "Moshi tunauona, Bwana Liwali. Kila jioni."

Alisema kweli, maskini, na nadhani aliona ananisitiri.

"Haya mama, unasemaje?" liwali akaniuliza.

Nilitazama sakafu. Nikinyamaza, narudi kwenye nyumba ile na njaa ile. Nikisema, wanasikia wote.

"Nachemsha maji, Bwana Liwali," nikasema. "Nabandika chungu ili majirani waone moshi. Ndani hamna kitu."

Nje, mikono iliacha kusuka. Sikuwa na haja ya kuchungulia, ule ukimya nilikuwa naujua. Mume wangu akainamisha kichwa.

Liwali aliniachisha siku ile ile. Nilipotoka, wenzangu walikunja ukili wao wakanipisha, hakuna aliyenitazama usoni. Nilitamani wanicheke, ningejua la kuwajibu.

Dirishani sikurudi tena. Nilishona mikeka nyumbani, nikauza, chungu kikaanza kupata muhogo, na siku nyingine samaki. Jioni moja shoga yangu yule akaja na kifuu, kuomba moto. Nyuma yake nikaona moshi unapanda juu ya makuti ya jiko lake.

Nilimkaribisha. Kabla hajainama kuchukua kaa, nikafunua chungu mwenyewe, mvuke ukatoka, akaona muhogo. Akachukua moto asiouhitaji, akaenda zake.