Juzuu la Tatu la Biolojia

Kitabu kilikuwa mia tisa. Nikamshusha mwenye kitabu hadi mia sita na hamsini, tukachanga watu watano, kila mmoja mia na thelathini. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili na haina kasoro. Gharama nisiyoipiga ni ile iliyokuja baadaye, kwa sababu sikuilipa mimi. Aliilipa Kadzo, na hadi leo sijui ilifika kiasi gani.

Enzi zetu, wenzangu mliosoma kisiwani miaka ile, kitabu kilikuwa na ukoo. Ukifunua jalada unakuta majina sita yamepigwa mstari, lako ni la saba, na hujui ni nani kati ya hao aliyemchorea masharubu yule panya wa ukurasa wa kumi. Tulivivika vitabu magazeti, na juu ya gazeti nailoni, tukavitunza kuliko viatu. Maktaba ya shule ilikuwa na nakala nne za kila somo, na zote nne zilikaa chumba cha walimu, kwa usalama wake. Wakati wa mapumziko tulinunua bhajia na embe la achari kwa mama aliyekaa nje ya lango, akatufungia kwa karatasi za daftari. Tuliisoma karatasi kabla ya kuitupa, maana vya kusoma vilikuwa adimu. Siku moja nilikula bhajia zilizofungwa kwa insha yangu mwenyewe, iliyopata alama saba kwa ishirini. Bhajia zilikuwa nzuri.

Jioni tulirusha kokoto za mdako barazani kwetu Kibokoni, na bibi yangu, mama wa mamangu, akitusikiliza kutoka ndani. Tukicheka sana alikuwa akisema, "Mwana asomae huku acheka, atahitimu kucheka." Siku hizi wanangu wanacheka peke yao, kila mtu na simu yake, na hakuna wa kuwakemea kwa sababu hujui wanachekea nini.

Kadzo alikuwa akija kwetu siku nyingi. Baba yake alikuwa kuli bandarini, kwao asili ni Kaloleni, na hapa mjini walikuwa wamepanga chumba Makupa, watu saba. Jumapili alikwenda kanisani, Ijumaa alikula pilau kwetu, na bibi alimwita mjukuu wangu wa Makupa. Alitaka kuwa muuguzi. Mimi nilitaka kuwa mtu mwenye pesa, kwa njia yoyote isiyo na hesabati ngumu. Yeye alikuwa na kalamu za rangi na mkono mtulivu. Ukimwambia chora jicho, jicho linakutazama.

Mwaka wetu wa nne, kabla ya muhula wa pili, tulikuwa na khitma ya kumwombea marehemu babu nyumbani. Kadzo alikuja, akajitanda leso, akakaa karibu na mlango wa jikoni. Bibi aliwagawia wanawake majuzuu, vile vipande thelathini vya msahafu, kila kimoja na jalada lake la kitambaa cha kijani. "Ndoo mwanangu, tukua lako." Kila mtu akachukua lake, chumba kikajaa mvumo kama wa nyuki, na kabla kahawa haijachemka msahafu mzima umesomwa na dua imeombwa.

Kadzo alinivuta jikoni.

"Kwani mumemaliza? Kitabu chote kile?"

"Tumekhitimu."

"Saa nzima haijafika!" Akafikiri, mkono umeshika sinia la halua. "Hivi sisi na ile Biolojia twashindwa nini?"

Wazo lilikuwa lake. Naliandika hapa kwa sababu miaka yote nimekuwa nikisema lilikuwa langu.

Basi ndipo tukanunua kile kitabu cha marudio, cha vidato vyote vinne, kwa bwana mmoja aliyetandaza vitabu juu ya gunia kule Makupa. Kilikuwa na kurasa mia tatu na ishirini. Nilizihesabu mbele yake, nikilowesha kidole, nikazihesabu tena, hadi akasema, "Dada, nunua au nikupe kazi." Nikakipeleka kwa Mzee Shee, mjalidi wa vitabu, ambaye kibanda chake kilinuka gundi ya ngano na kafuri. Yeye ndiye aliyejalidi misahafu ya nusu ya mtaa.

"Kitabu kimoja, watu watano?" akaniuliza.

"Kama juzuu, mzee."

Akakipima mkononi. "Khitma, mwanangu, watu wasoma wakaombeana. Nyinyi huko mtihanini mwaombeana?"

Nikamuuliza bei.

Alikikata kwa wembe, akashona vipande vitano, kurasa sitini na nne kila kimoja, akavivika kitambaa cha kijani kilichobakia kwenye majuzuu ya msikiti. Vilipendeza sana. Nikaandika ratiba: wiki tatu kila juzuu, kisha tunabadilishana, wiki kumi na tano, kila mtu amesoma vyote, na mtihani uko mlangoni. Nikaandika na sheria. Asiyerudisha, faini. Anayechafua, faini. Anayepitwa na zamu, imempita. Wote wakatia sahihi. Wakaniita Bi Zamu, na nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Zamu tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Nilikagua kurasa kila makabidhiano, mara mbili, wakanicheka. Zamu ya nne, Kadzo alikuwa achukue juzuu la tatu, ukurasa wa mia na ishirini na tisa hadi mia na tisini na mbili: moyo, damu na mishipa. Jumatatu yake hiyohiyo mwalimu mkuu alisoma gwarideni majina ya wanaodaiwa karo. Siku za kazi za baba yake zilikuwa zimepungua bandarini. Kadzo akakunja begi lake, akatembea hadi Makupa na jua la saa nne.

Alikaa nyumbani wiki tatu. Juzuu lake nililichukua mimi, kwa vile zamu ya tano lilikuwa langu, nikasema lisilale bure. Likaja kulala kwangu.

Aliporudi tulikuwa kwenye ngazi za shule, nala embe.

"Nipe Jumamosi na Jumapili," akasema. "Jumatatu asubuhi unalo."

"Zamu yako imepita, Kadzo. Nikikupa wewe, wengine nitawaambia nini?"

"Imepita mimi nikiwa wapi?"

"Sheria tuliandika sote."

"Aliyeandika ni wewe. Mie nilitia sahihi." Akanitazama, akaona ninachokitafuta, maana alinijua. "Haya. Nikuchoree nini?"

Nikataka figo na jicho. Alinichorea vyote viwili kwa rangi, na lebo zake, kwa siku mbili. Nilivibandika kwenye daftari langu. Ijumaa nikamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo nikamwambia ngoja nimalizie ukurasa.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimefungua hata ukurasa mmoja. Binamu yangu alikuwa anaolewa; kulikuwa na hina, kulikuwa na nguo za kushona sare, kulikuwa na umbea wa siku saba ambao haungeweza kujisema wenyewe. Juzuu lilikuwa chini ya mto wangu. Niliogopa kumpa kwa sababu nilikuwa sijasoma, na sikusoma kwa sababu lilikuwepo tu, la kwangu, karibu. Wiki sita lilikaa. Tatu zake na tatu zangu.

Swali la moyo lilitoka. Alama ishirini: eleza safari ya damu kuingia na kutoka. Mimi nilikuwa nimelisoma juzuu asubuhi ya mtihani, nikisimama foleni, na nikaandika ninachokumbuka. Langoni Kadzo alinisubiri, anatabasamu upande mmoja.

"Vyumba vinne, hilo nalijua," akasema. "Lakini nani aingia kwa mlango upi na atoka kwa upi, hapo nikaachwa. Sisi kwetu tu saba, chumba kimoja, mlango mmoja."

Tukacheka hadi mlinzi akatufukuza. Mwana asomae huku acheka.

Chuo cha uuguzi kilitaka C ya Biolojia. Kadzo alipata C ya kutoa, ngazi moja chini. Mimi nilipata C. Sikuwa na haja nayo; niliingia biashara ya vitambaa na sijaulizwa cheti na mtu yeyote. Tulikuwa tumeahidiana kumrudishia Mzee Shee vipande vyote avishone, tukiuze kitabu kwa kidato cha tatu. Hakuna aliyerudisha. Mzee Shee akafa, kibanda kikawa duka la vifuniko vya simu, na Kadzo nikamwona mara mbili tatu, kisha sikumwona.

Mwaka huu mamangu alilazwa. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, nahesabu matone ya ile chupa ya maji iliyoning'inia, na mwanamke mwenye ovaroli la buluu akaja na ndoo na mopu.

"Inua mguu, Bi Zamu. Hapo nimeshapiga deki."

Nilimjua kwa sauti kabla ya uso. Tukashikana mikono, tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za wazee, zote njema kama desturi. Miaka kumi na sita alikuwa akisafisha wodi ile. Katikati ya maneno akatazama mkono wa mamangu.

"Chupa imeisha. Damu yaanza kurudi."

Kwenye ule mpira mwembamba uzi mwekundu ulikuwa unapanda. Mkono wa Kadzo ukaenda kwenye kile kigurudumu kidogo cha kufungia, moja kwa moja, mkono unaojua njia. Ukasimama katikati.

"Mie siruhusiwi," akasema. Akaenda mbio kumwita sista.

Sista alifunga kigurudumu kwa vidole viwili. Kadzo akaokota mopu yake, na alipofika mlangoni akageuka.

"Bi Zamu! Zamu yangu bado?"

Alicheka, nami nikacheka. Kati yetu wawili mmoja alikuwa akitania, na sikujua ni yupi.

Mamangu alifariki siku ya kumi na moja. Tulipoandaa khitma nilifungua sanduku la bibi kutoa majuzuu. Nikahesabu thelathini, nikashukuru. Nikahesabu tena, kwa mazoea, nikifunua kila jalada. Ishirini na tisa ya msahafu, na moja ambalo ndani yake mlikuwa na moyo wa mamalia, mishipa ya buluu na nyekundu. Kitambaa kilekile, mshono uleule. Sijui nililitia humo lini, wala kama ni mtu mwingine aliyelitia. Juzuu la thelathini tukaazima kwa jirani.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Anavyo vitabu mia nne kwenye simu na sijamwona akimaliza kimoja. Akisoma kurasa tatu anajipiga picha amesoma. Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria: enzi zetu kitabu kilikuwa kitabu, tulikuwa tukigawana, hatukuwa na uchoyo kama nyinyi. Alilichukua lile juzuu, akaligeuza, akauliza, "Mama, mbona hili limekatika? Mwanzo wake uko wapi?" Nikamweleza khitma, ratiba na zamu, nikiruka nilipotaka kuruka. Akasikiliza, huku kidole kinafanya kazi yake kwenye kioo.

"Wafanya nini nikizungumza nawe?"

"Mwenzetu mmoja karudishwa nyumbani, karo. Namtumia kitabu."

"Kipi?"

"Chote." Kidole kikabonyeza mara moja. "Kishafika."

Hakuhesabu kitu. Hakupungukiwa na kitu. Nikakumbuka maneno niliyokuwa nimeyaandaa, nikayameza pamoja na chai, ambayo ilikuwa imepoa.

Tunapenda kusema, sisi wa rika letu, kwamba tuligawana. Ni kweli. Nilikuwepo, na wembe nililipia mimi. Tulikula sinia moja, tukaazimana buibui, tukajua jina la mama wa kila mtu. Na mtu aliponijia kwenye ngazi akitaka siku mbili tu, nilimuuzia, nikachukua malipo, nisimpe mali. Bibi yangu angeliita jambo hilo jina lake. Nashukuru hakulijua, na najua kushukuru huko nako ni kosa.

Sasa juzuu liko mezani. Kurasa ziko sitini na nne, haukupungua hata mmoja. Kadzo yuko wodi ileile, zamu ya asubuhi, ovaroli la buluu. Vyuo havimtaki tena mtu wa umri wetu, na hata vingemtaka, kurasa hizi zimepitwa. Nikimpelekea, namrudishia nini? Nikikaa nalo, nalishika kwa ajili ya nani? Pesa akipewa atakataa, namjua. Na akikubali itaniuma zaidi, kwa sababu itakuwa tumepatana bei.

Nishaurini, nyinyi mliotia sahihi na nyinyi mliokaa madawati ya nyuma mkitutazama. Nimpelekee? Na nikimkuta na ndoo yake, nimwambie zamu yako imefika? Semeni lolote, nitasikiliza. Ila mtu asiniambie kwamba tulikuwa watoto. Hilo nimejiambia mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili hesabu imekataa.